Virusi Vingi, Kikopo Kimoja

Kwenye karatasi, mradi wa kufuatilia virusi vinavyoharisha watoto hauna utata wowote. Mtoto wa chini ya miaka 5 analazwa kwa kuharisha mara 3 au zaidi kwa siku, ugonjwa wenyewe haujatimiza siku 7. Muuguzi anajaza fomu. Ndani ya saa 48 tangu mtoto alazwe, choo chake kinachukuliwa na kutiwa kwenye kikopo chenye kifuniko, kikopo kinapelekwa maabara, kipimo cha ELISA kinasema kama kuna kirusi cha rota au hakuna. Sampuli zenye kirusi zinawekwa kwenye friza, na baadhi yake husafirishwa hadi maabara za kanda, ile ya Ga-Rankuwa karibu na Pretoria au ile ya Taasisi ya Noguchi mjini Accra, kutambuliwa aina. Majibu yanarudi wizarani. Wizara inajua ni virusi vya aina gani vinavyozunguka nchini na kama chanjo inayotolewa inavimudu.

Mtandao huo upo kweli. Hospitali za Afrika zilianza kuunganishwa chini ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, na mengi tunayoyajua leo kuhusu kirusi cha rota barani humu yametoka kwao. Lakini ukiutazama mchoro wa mradi, wenye visanduku na mishale, utaona mishale yote ina urefu mmoja. Ule wa kutoka kwa mtoto hadi kwenye kikopo umechorwa sawa na ule wa kutoka maabara hadi wizarani, na hapo ndipo mchoro unapoanza kusema uongo.

Asubuhi moja nilimtazama muuguzi wa wodi ya watoto, katika hospitali fulani ya pwani, akiisaka sampuli hiyo. Mtoto wa miezi 8 alikuwa ameletwa usiku, macho yameingia ndani, utosi umebonyea, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi. Maji ya ORS, kijiko baada ya kijiko, yalikuwa yameanza kumrudisha; alishapata nguvu ya kulia.

"Mama Rehema, akijisaidia tu niite. Usimbadilishe kwanza."

"Sista, huyu hatoi choo, ni maji matupu."

"Hayo maji ndiyo nayataka."

Akaenda kumshughulikia mwingine. Aliporudi, nepi ya dukani ilikuwa imeshakunywa kila kitu, maana ndiyo kazi iliyoundiwa. Kilichobaki ni doa la manjano. Akamvua mtoto, akatandika kipande cha nailoni juu ya nepi mpya, akamfunga tena. Saa sita na ushei kikapatikana kijiko kimoja cha majimaji. Wakati huo mhudumu wa maabara alikuwa ametoka kwenda kula, kwa hiyo kikopo kikawekwa kwenye kisanduku chenye barafu, namba yake imeandikwa kwa maka peni ubavuni, kikasubiri.

Na huyo ni mtoto ambaye mambo yake yalikwenda sawa. Wapo wanaolazwa Ijumaa jioni na kuruhusiwa Jumapili, kabla mtu wa maabara hajarudi kazini. Wapo ambao ORS na vidonge vya zinki vinawashika vizuri, hawaharishi tena, wakaenda zao bila kuacha sampuli, habari njema kwa kila mtu isipokuwa fomu. Wapo wanaofika siku ya 9, wakati masharti ya mradi hayawataki tena.

Na wapo wasiofika kabisa. Katika nyumba nyingi za ukanda wetu, mtoto wa miezi 7 akianza kuharisha, jibu la kwanza ni kwamba anaota meno. Jibu hilo si la kipumbavu. Meno huota katika umri uleule ambao kirusi cha rota huwasumbua watoto zaidi, na kila bibi ameyaona mambo hayo mawili yakija pamoja. Sehemu za Tanzania dhana hiyo ilizaa nyingine iliyo kali zaidi, ya "meno ya plastiki", ambapo vijino ambavyo havijachomoza hung'olewa kwenye ufizi kwa madai kwamba ndivyo vinavyoleta homa na kuhara. Mtoto wa namna hiyo akifika hospitali huwa amekaukiwa na maji, tena ana kidonda mdomoni.

Kwa hiyo tunaposoma ripoti inayosema kwamba mwaka fulani aina fulani ya kirusi ndiyo iliyotawala katika nchi fulani, tukumbuke kwamba ramani hiyo imechorwa kwa choo cha watoto waliofika hospitali mapema, siku za kazi, wakaendelea kuharisha kwa muda wa kutosha. Silisemi hili kuzidharau ripoti hizo. Ninalisema kwa sababu zimesomwa kwa hofu kubwa, hofu kwamba aina za virusi zitaishinda chanjo, na hofu hiyo imeelekeza fedha na mipango.

Hofu yenyewe ilikuwa na msingi. Mwaka 1973, Ruth Bishop na wenzake mjini Melbourne walitazama kwa hadubini ya elektroni vipande vya utumbo vya watoto waliokuwa wakiharisha, wakaona virusi vya mviringo ambavyo baadaye viliitwa vya rota. Kabla ya hapo watoto wengi waliolazwa kwa kuhara walikuwa wakitibiwa bila chanzo cha ugonjwa wao kujulikana. Ilipofika mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kirusi hicho peke yake kiliua watoto 453,000 wa chini ya miaka 5 duniani kwa mwaka mmoja. Hadi mwaka 2013 makadirio yalikuwa yameshuka hadi 215,000, idadi ambayo bado ni kubwa mno kwa ugonjwa ambao chumvi, sukari na maji safi vinaweza kuuzuia usiue.

Vinasaba vya kirusi hiki havijakaa katika uzi mmoja mrefu. Vimegawanyika katika vipande 11 vya RNA. Ukivipitisha kwenye jeli yenye umeme vinajipanga kwa ukubwa, na kwa virusi vinavyowaambukiza watoto wengi mpangilio wake hujirudia: vinne juu, viwili, vitatu vilivyosongamana, kisha viwili chini kabisa. Watu wa maabara wa kizazi kilichopita walikuwa wakiutambua mpangilio huo kwa jicho, bila mashine yoyote ya kusoma vinasaba. Mgawanyiko huo ndio unaoleta matata. Virusi viwili tofauti vikiingia katika seli moja ya utumbo wa mtoto mmoja, vipande vyao huchanganywa kama karata za mafungu mawili, na kirusi kinachotoka kinaweza kuwa na mkono wa karata 11 ambao haujawahi kuonekana. Mtoto anayelala karibu na zizi la ng'ombe anaweza kuongeza fungu la tatu.

Wataalamu huvipa virusi hivi majina kwa protini mbili za nje. Moja hutoa herufi G, nyingine herufi P, ndiyo maana unasikia G1P[8] au G2P[4]. Zipo makumi ya G na makumi ya P, ila zinazosumbua watoto duniani ni mchanganyiko wa chache: G1, G2, G3, G4, G9 na, tangu miaka ya karibuni, G12. Afrika ina yake ya ziada. G8, yenye undugu na virusi vya ng'ombe, imekuwa ikionekana kwa watoto wa Malawi, Kenya na kwingineko kwa kiwango ambacho Ulaya hawakijui. P[6] nayo ni ya kawaida huku, na sababu mojawapo iko kwa watoto wenyewe. Virusi vya P[8] hushikilia sukari fulani zilizo juu ya seli za utumbo, na si kila mtoto amezaliwa nazo. Wale wa kundi la damu la Lewis hasi, ambao Afrika ni wengi kuliko Ulaya, P[8] huwapata kwa shida, lakini P[6] hupita.

Sasa weka hayo yote kando ya chanjo. Ile ya kwanza, RotaShield, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 na kuondolewa 1999 baada ya kuonekana kwamba, kwa watoto wachache sana, inaweza kusababisha utumbo kujiingiza ndani ya utumbo. Zilizofuata zilikuwa mbili. Rotarix ina kirusi kimoja kilichodhoofishwa, G1P[8], kilichotoka kwa mtoto wa Cincinnati. RotaTeq ina vitano, vilivyojengwa juu ya kirusi cha ng'ombe. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza: kirusi kimoja cha Cincinnati kitafanya nini Blantyre, nchini Malawi, ambako watoto wanaugua G8 na G12 na P[6]?

Swali liliulizwa kwa njia inayostahili, kwa jaribio. Rotarix ilijaribiwa Afrika Kusini na Malawi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Ulaya na Amerika ya Kusini chanjo za rota zilikuwa zimezuia ugonjwa mkali kwa kati ya asilimia 85 na 98. Afrika Kusini ilikuwa asilimia 76.9. Malawi, 49.4.

Nusu tu. Wengi walioiona namba hiyo walihitimisha haraka kwamba aina za virusi ndizo zilizoishinda chanjo: Malawi ina virusi mchanganyiko, Afrika Kusini G1 ilikuwa nyingi, kesi imekwisha. Lakini wachambuzi walipozigawa takwimu kwa aina, chanjo ilionekana kuwakinga watoto dhidi ya aina zisizofanana nayo karibu sawa na zinazofanana nayo. Tafiti za baadaye katika nchi nyingi zimesema vivyo hivyo. Na kuna namba nyingine katika jaribio hilohilo ambayo haikusomwa sana. Kwa kila watoto 100 waliochanjwa, kwa mwaka, Malawi iliepushiwa wagonjwa mahututi 6.7, Afrika Kusini 4.2. Kwa vile ugonjwa ulikuwa mwingi zaidi Malawi, chanjo yenye asilimia ndogo iliokoa watoto wengi zaidi. Ningekuwa afisa wa bajeti ningeibandika namba hiyo ukutani na kuiacha ile ya asilimia ibaki kwenye makala za wataalamu.

Pengo kati ya Ulaya na Malawi halitoki kwenye herufi G na P peke yake, basi. Linatoka kwingi. Mtoto wa Blantyre amepewa na mama yake kingamwili nyingi zaidi dhidi ya rota, tumboni na katika maziwa, na kingamwili hizo huikamata chanjo kabla haijafanya kazi. Utumbo wake umeshakutana na vijidudu vingi hivyo una uvimbe usioonekana. Chanjo ya matone ya polio anayopewa siku hiyohiyo hugombea nafasi na ile ya rota. Lishe nayo ina sehemu yake. Huko Afrika Kusini, India na Pakistani walijaribu hata kuwaomba kina mama wasinyonyeshe kwa muda mfupi kabla na baada ya matone. Haikusaidia kitu, na binafsi nilifurahi, maana sijui ni muuguzi gani angeweza kumweleza mama anayebembeleza mtoto anayelia, kwenye benchi la kliniki, kwamba asimpe ziwa.

Hata hivyo mazoea ya kulaumu aina za virusi hayakwisha. Brazil ilianza kutoa Rotarix kwa watoto wote mwaka 2006, na muda si mrefu G2P[4] ikajaa kila mahali. Kengele zikapigwa: chanjo ya G1 imefagia nafasi, G2 imeingia. Kilichowapoza watu ni kwamba G2P[4] ilikuwa ikipanda wakati huohuo Paraguay na Argentina, ambako chanjo hiyo ilikuwa haijaanza kutolewa. Aina za rota hupanda na kushuka zenyewe kwa miaka, chanjo iwepo isiwepo. Bila sampuli za majirani wasiochanja, Brazil ingeweza kuibadilisha chanjo inayofanya kazi kwa sababu ya msimu.

Kwetu, Tanzania ilizindua chanjo ya rota mwishoni mwa mwaka 2012, Kenya ikafuata Julai 2014, nchi zote mbili zikitumia Rotarix, matone katika wiki ya 6 na ya 10. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, ilikuwa imejiandaa kuliko sehemu nyingi. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust walikuwa wameshafuatilia rota kwenye hospitali ya wilaya miaka kadhaa kabla ya chanjo, na wana orodha ya wakazi ambapo chanjo za kila mtoto huandikwa. Kwa hiyo Kilifi inaweza kusema kitu ambacho wengi hawawezi: kabla palikuwaje, baadaye pamekuwaje. Katika takwimu za Kenya, G1P[8] haikutoweka baada ya chanjo kuanza. G8P[4] na G9P[8] ndizo zilizopungua, G2P[4] na G3P[8] zikaongezeka. Miaka 4 baada ya chanjo, G3P[8] ilikuwa imetawala Kilifi, na vinasaba vyake vilionyesha kwamba iliingia mara kadhaa kutoka nje. Haikuchipuka mahali pamoja kwa kusukumwa na chanjo. Na kinga? Utafiti mmoja wa Kenya uliikadiria kuwa asilimia 64 dhidi ya kulazwa kwa sababu ya rota. Ukizingatia yaliyotabiriwa, hiyo ni nzuri kuliko ya jaribio la Malawi.

Ukitafuta ni nini hasa kilichoutikisa ufuatiliaji huo katika miaka ya kwanza ya chanjo, hutakipata kwenye jeli ya maabara. Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya waligoma kwa siku 100. Juni 2017 wauguzi nao wakagoma, hadi Novemba. Kwa sehemu kubwa ya mwaka huo wodi nyingi za watoto zilifungwa au zilibaki na vitanda vitupu. Muuguzi asipokuwepo hakuna chanjo, na hakuna wa kutandika nailoni juu ya nepi. Mwaka 2020 korona ikaja na kuwatisha kina mama wasifike kliniki. Kwenye grafu za utafiti vipindi hivyo huonekana kama mabonde, na msomaji asiyejua historia ya Kenya anaweza kuyadhani ni ushindi wa chanjo.

Kuna na mambo madogo zaidi, yasiyo na grafu. Tanzania ilianza rota pamoja na chanjo mpya ya nimonia, kwa mpigo. Kwenye karatasi ni akili: mafunzo ya pamoja, uzinduzi mmoja, kadi moja. Ndani ya friji ni hesabu nyingine. Chupa moja ya matone ya polio huhudumia watoto wengi, lakini Rotarix huja kila dozi kwenye kichupa chake, na kila kichupa kinataka nafasi yake kati ya nyuzi joto 2 na 8. Anayetunza chanjo anapaswa kuamua nini kikae juu, nini chini, na nini kiagizwe kidogo kidogo mara nyingi, na kila safari ya ziada ya kufuata chanjo wilayani ni mafuta ya pikipiki.

Kisha umri. Kwa sababu ya yale ya RotaShield, mwongozo wa kimataifa ulisema dozi ya kwanza isipite wiki ya 15 na ya mwisho isipite wiki ya 32. Ukiwa Geneva hilo ni tahadhari ya kawaida. Kwenye foleni ya kliniki anakuja binti aliyekwenda kujifungulia kwa mama yake kijijini, amerudi mjini mtoto ana miezi 4. Anapata sindano zote, matone ya polio anapata, ya rota anaambiwa muda umepita. Mtoto huyohuyo, aliyechelewa kwa sababu anatoka mbali, ndiye ambaye akiharisha atachelewa kufika hospitali kwa sababu ileile. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lililegeza masharti hayo, baada ya hesabu kuonyesha kwamba vifo vya kuhara ambavyo vingezuiwa ni vingi mno ukilinganisha na hatari ya utumbo kujiingiza ndani ya utumbo. Lakini mwongozo ukilegezwa huko juu, muuguzi aliyefundishwa wa zamani huendelea nao mpaka semina nyingine ije, na semina hungoja bajeti.

Hata uchaguzi wa chanjo yenyewe haukufuata virusi. Mwaka 2018 Merck, mtengenezaji wa RotaTeq, ilijulikana kuwa inaacha kuzipelekea nchi 4 za Afrika Magharibi chanjo hiyo kupitia Gavi, muungano unaozisaidia nchi maskini kupata chanjo, zikalazimika kutafuta nyingine. Mwaka huohuo chanjo mbili za India zilipata kibali cha Shirika la Afya Duniani: Rotavac, yenye kirusi cha G9P[11] kilichotoka kwa mtoto mchanga wa Delhi, na Rotasiil yenye vitano. Ni chanjo nzuri na nafuu. Lakini nchi iliyohama kutoka moja kwenda nyingine ilihama kwa ajili ya bei, nafasi ya friji na mzigo uliopo bandarini. Sijawahi kuona mahali ambapo mtu alifungua ripoti ya aina za virusi vya nchi yake, akasema kwa hiyo tununue hii. Mfumo mzima wa vikopo, friza na Ga-Rankuwa ulielezwa kwa wafadhili kana kwamba ndivyo utakavyotumika.

Mradi mmoja ulichukua nadharia ya aina za virusi kwa uzito wote. Shirika la PATH lilikuwa na chanjo ya sindano, yenye vipande vya protini ya P vya aina tatu: P[4], P[6] na P[8]. Mpango ulikuwa mzuri kuusikiliza. Sindano inauruka utumbo wenye matatizo, P[6] ya Afrika imo, na protini isiyo hai haiwezi kuleta yale ya RotaShield. Ilijaribiwa Ghana, Malawi na Zambia kwa kulinganishwa na Rotarix ya matone. Mwaka 2022 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu uchambuzi wa katikati ulionyesha kwamba haiishindi ile ya matone. Kirusi kimoja cha Cincinnati, kinachomezwa na utumbo wenye matatizo, kilisimama imara mbele ya aina tatu za kwenye sindano. Ni habari ambayo haikutangazwa kwa shangwe, lakini kwangu inafundisha kuliko uzinduzi mwingi niliousoma.

Njia nyingine iko hai, na imetokana na kuwatazama watoto zaidi ya kuhesabu herufi. RV3-BB, chanjo iliyoanzia Melbourne, ni ya G3P[6], aina iliyokuwa ikiwaambukiza watoto wachanga wodini bila kuwafanya waugue. Hutolewa tangu siku za kwanza za uhai, kabla utumbo haujavimba. Huko Indonesia ilifanya vizuri katika jaribio lililochapishwa 2018, na imepimwa Blantyre pia. Faida yake ya vitendo hapa kwetu iko kwenye kalenda: mtoto aliyezaliwa kituoni yuko mkononi mwa mkunga siku hiyo hiyo, hahitaji kurudishwa wiki ya 6 na mama ambaye huenda amekwisha kwenda kwa mama yake.

Je, basi, tuviache vikopo? Baada ya yote niliyosema, ningetetea bajeti ya vikopo kabla ya ile ya makongamano. Ni kwa vikopo tu tumejua kwamba hofu ya G na P ilikuwa kubwa kuliko hatari yake. Brazil ilituliza roho kwa vikopo vya jirani. Kilifi iliweza kusema G3P[8] imetoka nje kwa sababu ilikuwa na sampuli za miaka ya nyuma kwenye friza; na ilipofika 2020, wale waliokuwa wakisoma vinasaba vya virusi vya rota na vya kifua pale Kilifi ndio walioanza kusoma vinasaba vya korona ya pwani ya Kenya, bila kungoja mtu afundishwe. Kosa lilikuwa kuuza ufuatiliaji huu kama kengele ya kutuambia lini tubadilishe chanjo. Kazi yake halisi ni ya polepole, na wafadhili hawapendi kununua polepole.

Tena mafanikio ya chanjo yanaanza kuunyima mradi chakula chake. Watoto wanaolazwa kwa rota wakipungua, sampuli zinapungua, na kituo kinachopata sampuli chache mwaka mzima ni cha kwanza kukatwa. Lakini mtoto bado anaharisha. Marekani, rota ilipobanwa na chanjo, norovirusi ndiyo iliyopanda kuwa sababu kuu ya watoto kupelekwa kwa daktari kwa kuhara na kutapika. Hiyo nayo ina makundi na vijikundi vyake, ambavyo kimoja kati yake, GII.4, hubadilika kila baada ya miaka michache na kusambaa dunia nzima, na hadi sasa haina chanjo iliyoidhinishwa. Nyuma yake zipo astrovirusi, sapovirusi na adenovirusi za aina ya 40 na 41. Utafiti mkubwa wa GEMS ulioihusisha Siaya nchini Kenya, na ule wa MAL-ED uliowafuata watoto wa Haydom mkoani Manyara, ulionyesha mtoto mmoja akibeba vijidudu kadhaa kwa wakati mmoja, hata siku asizoharisha.

Kila sampuli ambayo ELISA ya rota imesema "hakuna" inaweza kuwa na jibu jingine ndani yake, na katika vituo vingi hutupwa nafasi ya friza ikiisha. Kuzipima upya kwa norovirusi kunahitaji vitendanishi vya PCR, umeme usiokatika, na mtu mmoja mwenye mkataba unaozidi mwaka. Yule muuguzi wa nailoni hahitaji kubadilisha chochote. Kikopo anachokijaza ni kilekile.